Taa ya giaboksi iliwaka mlima wa Lushoto: je, nifunge oili kula ya nje?

Swali: Shikamoo fundi. Nina Prado ya 1999, injini 1KZ-TE ya dizeli, giaboksi otomatiki. Naishi Lushoto. Kila wiki napandisha mbolea kutoka Mombo kwa tela dogo, na nikishuka nabeba kabichi za Lukozi. Mwezi uliopita, nikiwa nimeshaipita Soni, taa ya A/T OIL TEMP, ile ya joto la oili ya giaboksi, iliwaka. Nilisimama, ikazima baada ya kama dakika kumi. Fundi mmoja ananiambia ninunue oili kula ya nje, kile kifaa cha kupoza oili ya giaboksi, niifunge mbele ya rejeta, nisahau. Mwingine anasema niitoe kabisa rejeta kwenye njia ya oili, ipite kwenye kula mpya peke yake. Nimsikilize yupi, na kazi hii naweza kuifanya mwenyewe? Tena, nikishafunga, naweza kuongeza mzigo kwenye tela?

Jibu: Marahaba. Kwanza hongera kwa kusimama, maana wengi humalizia mlima ndipo wanaangalia. Taa ile haitangulii kukuonya. Inawaka oili ikiwa imeshafika karibu nyuzi 150 za sentigredi, wakati hali yake ya kawaida ni kati ya 80 na 95 hivi. Ikiwaka tena, weka P, vuta handbreki, lakini usizime injini. Pampu ya giaboksi huzungushwa na injini. Ukizima, oili ya moto inabaki imelala ndani inajipika, na hakuna kinachoipeleka kupoa.

Kwenye gereji zetu kifaa hiki jina lake ni "oili kula", na mke wangu alipolisikia mara ya kwanza aliuliza inakula oili kiasi gani kwa mwezi. Haili kitu. Ni rejeta ndogo ya oili ya giaboksi, ile nyekundu ambayo mafundi wengi huiita haidroliki. Naunga mkono uifunge. Ila si kwa namna ya kufunga ukasahau, na kabla hujatoa hela ningependa ujue joto hilo linatoka wapi, maana sehemu yake unaweza kuiondoa leo bila spana.

Kati ya injini na giaboksi yako kuna toki konveta. Ichukulie kama bakuli lililofungwa, limejaa oili, na ndani yake kuna feni mbili zinazotazamana. Feni ya upande wa injini inaisukuma oili, oili inaisukuma feni ya upande wa giaboksi. Hakuna chuma kinachogusa chuma. Gari likiwa na mzigo mzito na mwendo mdogo, feni ya injini huzunguka haraka kuliko mwenzake, na mtelezo huo unazaa joto ndani ya oili. Ukiwa barabara ya tambarare, mwendo umekaa sawa, kuna klachi ndogo ndani ya konveta inayoziunganisha zizunguke pamoja, na joto linakatika. Sasa fikiria Mombo hadi Lushoto: kona baada ya kona, kilomita thelathini na kitu za kupanda, mbolea nyuma. Klachi ile haipati nafasi ya kushika. Kila ikitaka kushika, unaingia kona nyingine, unapunguza mwendo, giaboksi inashuka gia, konveta inaanza tena kukoroga oili.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni mkono wako. Ukianza kupanda pale Mombo, bonyeza O/D OFF, swichi inayozuia gia ya juu kabisa, na kwenye sehemu kali weka 2 mwenyewe badala ya kuiacha D ichague. Giaboksi itaacha kuhangaika kupanda na kushuka gia, injini itazunguka juu kidogo, konveta itateleza kidogo, na feni ya rejeta nayo itavuta hewa zaidi. Utadhani injini inalia sana. Iache ilie, mradi geji ya joto la maji imetulia.

Hapa watu wengi watakwambia "weka lo", yaani sogeza kijiti kidogo cha gia hadi LL. Kwa barabara ya vumbi ni ushauri mzuri kuliko wote, kwa sababu gia ya chini huongeza nguvu baada ya giaboksi, konveta inabaki na kazi nyepesi. Ukitoka Lushoto kwenda Mtae wakati wa mvua, au ukizama kwenye mchanga mahali popote, weka LL bila kuona aibu. Lakini Prado yako ni ile ambayo matairi yote manne yanavuta muda wote, na LL kwake inafunga pia difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya matairi ya mbele na ya nyuma. Kwenye lami kavu yenye kona, difu ya kati ikifungwa matairi ya mbele na ya nyuma yanagombana, na ugomvi huo unaishia kwenye shafti na gia. Lami ya Mombo–Lushoto ni 2 na O/D OFF. LL ni ya vumbi, tope na mchanga.

Jambo la pili ni uchunguzi. Chomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe ya chooni. Oili nzima ni nyekundu na inasambaa vizuri. Ikiwa ya kahawia na inanuka kama kitu kilichoungua, imeshaiva, na hakuna kula itakayoirudisha. Ikiwa ina chembe nyeusi, hizo ni vipande vya klachi za ndani, na hapo mazungumzo yetu yanahamia kwenye kufungua giaboksi. Ikiwa imechafuka kama maziwa ya strobero, usiliwashe gari tena, maana maji ya rejeta yameingia kwenye giaboksi.

Fungua na mfuniko wa rejeta, injini ikiwa baridi kabisa. Angalizo: kulanti ya Toyota nayo ni nyekundu, kwa hiyo rangi peke yake isikutishe. Unachotafuta ni utando wa mafuta juu yake, au ukungu mzito wa rangi ya waridi.

Halafu angalia feni ya rejeta. Ile ya kwako inaendeshwa kupitia klachi yenye mafuta mazito ya silikoni ndani. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, izungushe kwa mkono: ikizunguka yenyewe mizunguko mingi kama pangaboi, silikoni imekwisha na feni haivuti. Na chungulia kati ya rejeta na kondensa ya AC, ile kama rejeta nyembamba iliyo mbele yake. Pale ndipo panapojaa vumbi, wadudu na mbegu za majani, mahali ambapo mpira wa maji wa kuoshea gari haufiki. Nimeshaona gari zilizoletwa kwangu "zifungwe kula", nikatoa kondensa, nikaosha, nikarudisha, mwenye gari akaenda zake.

Sasa nirudi kwa mafundi wako wawili, ambao kila mmoja ameshika nusu ya ukweli.

Gari lako tayari lina oili kula kutoka kiwandani. Iko ndani ya rejeta, bomba dogo limezamishwa kwenye maji ya tangi la rejeta. Oili inakuja kutoka giaboksi na nyuzi zake 110 au 120, inawapa maji joto, inatoka ikiwa imekaribia joto la maji yenyewe, tuseme 90. Haiwezi kushuka chini ya hapo. Kula ya nje inayopozwa na upepo inaweza kuishusha zaidi. Kwa hiyo mpango ni huu: kutoka giaboksi, kupitia rejeta, halafu kula ya nje, ndipo irudi giaboksi. Ukigeuza, ukaweka kula ya nje kwanza, upepo utaipoza hadi 75, kisha rejeta itaipasha tena hadi karibu 90. Utakuwa umenunua kifaa cha kupoza na kukilipia kazi ya kurudisha joto.

Kwa nini nisimkubalie tu yule wa pili, tukaondoa rejeta? Maji hunyonya joto haraka kuliko hewa, na unapopanda taratibu upepo ni mdogo. Pale unapoihitaji zaidi ndipo rejeta inaposaidia. Tena Lushoto si Tanga mjini. Asubuhi ya Julai oili huwa nzito, na rejeta ndiyo inayoisaidia kupata moto mapema. Ila fundi wako ana hofu moja ya kweli. Ukuta kati ya oili na maji ndani ya rejeta ni mwembamba. Ukitoboka, oili na maji vinachanganyika, maji yanafika kwenye giaboksi na kuibandua gundi inayoshikilia bitana za klachi. Marekani wamiliki wa Nissan Pathfinder, Xterra na Frontier za 2005 hadi 2010 waliipeleka kampuni mahakamani kwa ugonjwa huo huo.

Rejeta yako, kama ndiyo iliyokuja na gari, ina zaidi ya miaka ishirini na mitano. Ushauri wangu: weka rejeta mpya, halafu uifuate na kula ya nje. Najua umeniuliza kifaa kimoja nami nakuongezea cha pili chenye bei. Lakini 1KZ-TE inajulikana kwa kupasua silinda hedi ikichemka, na rejeta mpya inakulinda pande zote mbili. Ukishindwa kupata rejeta ya kuaminika, basi fanya anavyosema fundi wa pili, iruke rejeta, lakini uweke kula kubwa zaidi. Usichokifanya ni kuiacha rejeta ya zamani na kuongeza kula mpya mbele yake. Hatari ya kutoboka inabaki pale pale, na wewe unakuwa umetulia ukidhani tatizo limekwisha.

Kuhusu kula yenyewe. Utakuta za aina mbili. Moja ni bomba lililokunjwa kunjwa na mapezi kati yake, bei nafuu, inatosha gari la mjini. Nyingine ni sahani nyembamba zilizopangwa juu ya nyingine, oili inagawanyika ndani yake, eneo la kupoza ni kubwa kwa umbo dogo. Chukua ya sahani. Hayden, Derale na Tru-Cool ni majina ya zamani kwenye kazi hii, na PWR wa Australia nao wanatengeneza kula za giaboksi. Ukubwa wa karatasi ya A4 hivi, unene kama sentimita 2, unatosha tela dogo. Kubwa kuliko hapo, kama rejeta bado iko kwenye njia ya oili, naiogopa kwenye 1KZ, kwa sababu kila kinachokaa mbele ya rejeta kinaizibia hewa, na hewa inayopita hapo inafika kwenye rejeta tayari ikiwa na joto. Hatutaki kuponya giaboksi kwa kuua hedi.

Usinunue kula iliyotumika, hata ukipewa bei ya kaka na dada. Kama gari ilikotoka liliunguza giaboksi, chembe za chuma na klachi zimejificha kwenye zile sahani, na hakuna namna ya kuzisafisha zikaisha. Zitaingia kwako taratibu.

Kufunga, naam, unaweza mwenyewe kama umezoea spana. Ni kazi ya nusu siku. Ondoa shoo (grili ya mbele) na uone nafasi iliyo mbele ya kondensa. Ndani ya boksi huenda ukakuta vijiti vya plastiki vya kuchomeka katikati ya mapezi ya kondensa na rejeta ili kula ining'inie hapo. Vitupe. Kwa barabara zenye mikunjo, vijiti vile hugeuka msumeno. Kuna Prado iliwahi kuja kwangu ikilalamikiwa AC haipozi. Kijiti kilikuwa kimetafuna kondensa hadi gesi yote ikatoka. Kata vipande vya bapa la chuma, uvikunje umbo la L, uvifunge kwa bolti kwenye chuma kinachoshikilia rejeta, na weka raba kati ya chuma na kula. Acha nafasi ya kidole kimoja kati ya kula na kondensa. Midomo ya kula itazame juu au pembeni ili hewa itoke kirahisi wakati wa kujaza. Ukiwa na waya mwembamba wa matundu, weka kipande mbele kuzuia mawe, ila usiwe wenye matundu madogo kiasi cha kuzuia upepo.

Kisha mabomba. Uzuri wa Toyota yako ni kwamba mabomba ya chuma yanatoka giaboksi hadi karibu na rejeta, halafu yanaunganishwa kwa vipande vifupi vya mpira. Huhitaji kukata chuma chochote. Unachohitaji kujua ni mpira upi unapeleka na upi unarudisha, na hapo usikisie. Gari likiwa P, handbreki imevutwa, mawe yamewekwa kwenye matairi, chomoa mpira mmoja kwenye rejeta na uuelekeze kwenye chupa. Weka chupa nyingine chini ya mdomo wa rejeta ulioachwa wazi. Mtu awashe injini kwa sekunde mbili au tatu, azime. Oili ikitoka kwenye mpira ulioushika, huo unatoka giaboksi. Ikitoka kwenye mdomo wa rejeta, basi mpira mkononi mwako ni wa kurudisha, na huo ndio unaoutafuta. Mdomo wa rejeta wa upande huo utaunganishwa na mlango wa kuingilia wa kula, na mlango wa kutokea wa kula utaunganishwa na bomba la chuma la kurudi giaboksi.

Kwenye mpira sina mzaha. Dukani utauziwa mpira wa petroli, utaambiwa "huu huu, oili ni oili". Sio. Oili ya giaboksi ya moto huukausha, ukapasuka siku usiyoitarajia. Tafuta uliochapwa SAE J1532 ubavuni, kiwango cha mipira ya oili kula ya giaboksi. Kipenyo cha ndani mara nyingi ni karibu milimita 10, lakini pima bomba lako kwanza. Nunua urefu wa kutosha ili usiunge njiani. Mpira uingie kwenye bomba angalau sentimita 2 na nusu, upite ule uvimbe ulio karibu na ncha ya bomba, na klipu ikae nyuma ya uvimbe. Upitishe mbali na turbo, egzosi, feni na ncha yoyote kali ya bati, na palipo na tundu la bati weka raba kuuzunguka. Acha ulegevu kidogo, kwa sababu injini hucheza kwenye raba zake kila unapokanyaga. Oili ikimwagikia turbo ya moto, hutakuwa na shida ya giaboksi tena, utakuwa na moto.

Ukipenda kuongeza kitu kimoja, weka filta ndogo yenye sumaku kwenye mpira wa kurudi. Magnefine ni jina linalojulikana. Ina mshale, ufuate.

Kujaza: soma kijiti chenyewe, Toyota huandika pale aina ya oili inayotakiwa. Usichanganye na WS ya magari mapya kwa sababu tu muuzaji anayo. Kula na mipira huchukua kama nusu lita, ongeza kiasi hicho kwanza. Kama oili ni ya zamani, shusha iliyomo kwenye sampu (karai la chini ya giaboksi) na ubadilishe filta siku hiyo hiyo, ila ujue nyingi inabaki ndani ya konveta, kwa hiyo rudia kushusha na kujaza baada ya wiki mbili. Kupima: injini inaunguruma, gari tambarare, umeshapitisha mkono kwenye gia zote kuanzia P hadi L na kurudi P, oili ina nyuzi 70 hadi 80. Hapo ndipo alama ya HOT ina maana. Ukipima baridi ukajaza hadi HOT, umejaza kupita kiasi. Oili ikizidi hukorogwa na gia hadi ikatoa povu, na povu halipozi wala halisukumi klachi.

Zungusha gari mtaani, rudi, kaza klipu tena zikiwa zimepata moto mara moja, angalia chini kama kuna tone.

Geji ya joto ningeiweka kabla ya kununua hata stika. Kuna nyaya na sensa za bei ya kawaida, sensa unaifunga kwa kiungo cha T kwenye mpira unaotoka giaboksi. Ila ielewe. Pale ndipo oili ina moto kuliko mahali popote, kwa sababu imetoka konveta sasa hivi. Ukipanda utaona 115, hata 125 kwa muda mfupi, kisha inashuka ukifika tambarare. Hilo ni la kawaida. Ikikaa 130 na kuendelea kupanda, tafuta pa kusimama. Ukiweka sensa kwenye sampu utasoma namba ndogo zaidi, kwa hiyo usilinganishe namba zako na za jirani kabla hujamuuliza ya kwake iko wapi.

Kuhusu kuongeza mzigo kwenye tela: hapana. Kula itapunguza joto la kupanda, lakini breki za tela na za Prado hazijui kama umefunga kitu kipya mbele. Kabichi zako zinateremka, na kuteremka kutoka Soni kwenda Mombo hakuchemshi giaboksi, kunachemsha breki. Teremka na 2 ile ile uliyopandia, O/D OFF, injini ikushikilie. Na ukitoka Lukozi, simama baada ya kilomita mbili za kwanza ushike ringi za tela kwa mkono. Moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake, breki ya upande huo inashika muda wote, na huenda hiyo nayo ilikuwa inaivuta giaboksi yako nyuma siku ile taa ilipowaka.